Nilivyokataliwa Kwetu

Nyumbani kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa pili wa mto Ruvuma hatukuuita nchi. Tuliuita ng'ambo. Shangazi yangu alikwenda ng'ambo kununua kanga na vyombo vya plastiki, akarudi na salamu za ndugu, kama mtu aliyetoka Mocímboa, mji wa jirani. Mama yangu alizaliwa hukohuko, wakati wazee walipokimbia vita vya Wareno, na hakuna siku niliyomsikia akisema kwamba alizaliwa ugenini.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa darasa la saba alipotutangazia kwamba baadhi yetu tutakwenda kutembelea shule moja ya nchi ya kigeni, mimi nilifikiri Ureno, au Brazili. Kisha akaandika ubaoni: Mtwara. Darasa zima likacheka. Kiongozi wetu wa darasa alikuwa msichana mfupi asiyeogopa mtu. Akasema, "Mwalimu, huko si kwa bibi yangu?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu wa kusini kabisa, serikali ndiyo iliyomleta kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki tu. Akagonga ubao kwa kidole.

"Ni nchi ya kigeni," akasema. "Ina bendera yake na askari wake. Ukiingia bila karatasi, unafungwa. Ukitoka bila karatasi, pia unafungwa."

Wenzangu walisahau maneno hayo kabla ya kengele. Mimi nilirudi nayo nyumbani. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote darasani, kwa sababu nilichelewa kuanza shule, lakini nikiitwa mbele ya watu sauti ilinikauka. Kireno niliweza kukisoma na kukiandika polepole. Kukisema ilikuwa kazi nyingine. Maneno yalikuwepo kichwani, yakifika kooni yanakaa.

Na hizo zilikuwa siku za kuulizana. Gesi ilikuwa imeonekana chini ya bahari mbele ya macho yetu. Meli zenye minara zilisimama huko nje, helikopta zilipita juu ya mapaa ya makuti mpaka kuku wakajificha, na mji wetu ulijaa watu tusiowajua, wenye buti na nguo za rangi ya chungwa. Wengine walitoka kusini, wengine Nampula, wengine walivuka mto kutafuta kazi. Polisi nao wakaongezeka, na wengi wao walikuwa wageni kuliko hao waliokuwa wakiwatafuta. Walitusikia tunazungumza Kiswahili sokoni, wakasema sisi ni Watanzania. Mjomba wangu alisimamishwa akitoka kuoga baharini, taulo begani, akaulizwa anatoka wapi.

"Nikamwambia natoka majini," alituambia tukiwa tunakula. "Akaniambia nimwoneshe kitambulisho. Kitambulisho niogee nacho?"

Tulicheka sana. Lakini mimi nilijiuliza: na kama ningekuwa mimi?

Tuliondoka na lori la kukodi mpaka mtoni. Mama alinifungia mkate wa mchele kwenye kitambaa, akanishika kichwa, akasoma dua, kisha akanipa neno moja tu: "Usimtoe mwalimu wako machoni." Mwalimu alikuwa na karatasi moja kubwa yenye muhuri, yenye majina yetu sote. Kila mmoja wetu alikuwa mtu kwa sababu ya karatasi ile. Niliitazama ikiwa kwenye mkoba wake njia nzima.

Mto niliuogopa kuliko nilivyofikiri. Ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na mafungu ya mchanga yaliyolala katikati kama migongo. Mwenye boti alituambia tusitumbukize mikono. "Viboko?" akauliza kiongozi wa darasa. "Viboko utawaona," alijibu. "Usiyemwona ndiye mamba." Akaivuta kamba ya mashine, boti ikaondoka, na yeye akacheka peke yake. Mimi nilishika mbao za kukalia mpaka tukagonga mchanga wa upande wa pili. Nilipoziachia, vidole vilikuwa vimekakamaa.

Mtwara walitupokea vizuri. Ninalisema hilo kwanza, kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kuwafanya waonekane wabaya, na hawakuwa wabaya. Walitulaza katika darasa lao juu ya mikeka, wakatupikia ugali na dagaa, wakatuimbia. Wakubwa wao walisalimiwa kwa shikamoo kila hatua, na sisi tukafuata, mpaka mmoja wetu akampa shikamoo mvulana wa rika letu mwenye ndevu chache, naye akaitikia "marahaba" bila aibu.

Siku ya pili walitupeleka darasani tukae nao. Mwalimu wao alituambia tuandike sentensi juu ya nchi yetu. Nilitazama mfukoni, sina kitu cha kuandikia. Nikamgeukia mvulana wa jirani, nikamwambia kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili changu cha kila siku:

"Niazime kaneta."

"Nikuazime nini?"

"Kaneta."

Akageuka nyuma. "Jamani, huyu anataka kaneta! Kaneta ndiyo nini, karanga?"

"Mpe karanga!" mwingine akasema.

Darasa likacheka. Nilinyoosha kidole kwenye kitu kilichokuwa mkononi mwake. "Aaa! Kalamu!" akasema, akanipa, na kunipigapiga bega kama mtu anayemtuliza mtoto. "Sema kalamu. Nyinyi ni Waswahili au Wareno weusi?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi sikuandika sentensi yoyote. Nilitazama karatasi, masikio yakiwaka moto. Kwetu sote tunasema kaneta. Mama yangu ambaye hajui Kireno anasema kaneta. Sikuwahi kufikiri kwamba neno lile lilikuwa na mwenyewe, Mreno.

Tangu saa ile nikaanza kusikiliza. Wao walisema kiti, mimi kadera. Wao shule, mimi shikola. Kila neno nililolisikia nilitembea nalo mdomoni kama tonge la moto, nikilirudia kimya: kalamu, kalamu, kiti, shule. Usiku juu ya mkeka nilirudia. Sikutaka kuchekwa tena mpaka tuondoke. Ilikuwa hofu tu, si elimu, lakini hofu inafundisha haraka. Siku ya mwisho nilimrudishia yule mvulana kitu chake, nikasema, "Ahsante kwa kalamu yako." Akasema, "Umeshakuwa mtu wetu." Nikafurahi sana. Laiti ningejua.

Tuliporudi mtoni maji yalikuwa yanapwa, maana huko chini mto unafuata bahari. Boti haikuweza kutubeba sote kwa mara moja. Mwalimu alitangulia na kundi kubwa. Sisi wanne tukabaki na sufuria na mfuko wa mipira: kiongozi wa darasa, wavulana wawili, na mimi. Nilitaka kusema kwamba mama yangu aliniagiza nisimwache mwalimu, lakini ungelisemaje jambo hilo mbele ya watu, na wewe ndiye mrefu kuliko wote? Nilikaa juu ya sufuria, nikaiangalia karatasi yetu yenye muhuri ikivuka maji bila mimi.

Boti iliporudi tuliingia pamoja na wanawake wawili wa biashara. Tulipofika kwetu, kwenye kituo cha mpaka hapakuwa na mwalimu wala wenzetu. Mwanamke mmoja aliyeuza viazi vitamu hapo nje alituambia lori letu limezama mchangani huko mbele, na mwalimu amewachukua watoto wote kwenda kusukuma.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha bati na baraza. Askari aliyezungumza na mwalimu alikuwa amekwenda kula. Aliyekuwepo alikuwa kijana, sare yake imenyooka kama imetoka dukani leo, na Kireno chake kilikuwa cha mbali. Akatupanga mstari.

Kiongozi wa darasa akaulizwa jina, shule, mtaa. Akajibu kama anayesoma redioni. Wavulana wakajibu, mmoja akakosea kidogo, akacheka, askari naye akacheka. Kisha akafika kwangu.

Aliniuliza natoka wapi.

Ni swali dogo. Jibu lake ni neno moja, na neno lenyewe halina Kireno wala Kiswahili: Palma. Nililiona. Lakini nilikuwa nimetazama chini, kwa sababu kwetu mtoto hamkodolei macho mtu mkubwa anayemhoji, na yeye akaona mwizi.

"Nitazame!" akasema. Hilo nililielewa, na nikazidi kuinama.

Akaniuliza tena, taratibu zaidi, jinsi watu wanavyosema na kiziwi. Kiongozi wa darasa akaingilia: "Mkubwa, huyu ni mwenzetu, tuko naye darasa moja."

"Sikukuuliza wewe."

Kisha yule askari akafanya jambo ambalo nadhani alilifanya kwa wengi. Akachukua kitu mezani, akakiinua mbele ya uso wangu, na kuuliza kwa Kireno hiki ni nini.

Mtoto wa shule yoyote ya nchi yetu, hata wa darasa la kwanza, anajua jibu. Ndilo neno la kwanza tunalofundishwa. Nami koo langu likafunguka kwa mara ya kwanza tangu tushuke botini, nikajibu kwa haraka, kwa sauti, nikiogopa kuchekwa:

"Kalamu."

Hakuna aliyecheka. Kiongozi wa darasa alijishika mdomo. Askari akakirudisha kile kitu mezani polepole, kama mtu aliyeshinda bao.

"Mtanzania," akasema.

Akanionesha benchi la ndani. Walikuwa wamekaa hapo wanaume wawili na mabegi yao. Wenzangu watatu wakaambiwa waende. Kiongozi wa darasa akasema karatasi anayo mwalimu, askari akasema basi mwalimu ailete, lakini boti inarudi sasa hivi kabla maji hayajaisha, na wasio na karatasi watarudi nayo. Nikamwona yule msichana akikamata sketi yake na kukimbia kwenye njia ya mchanga kuelekea lilikozama lori. Mfuko wa mipira aliuacha palepale.

Nilikaa ukingoni mwa benchi. Mmoja wa wale wanaume, mwenye kofia ya soka, akanisogelea.

"Mdogo wangu, wewe wa wapi? Newala?"

"Palma," nikamwambia. Kwa Kiswahili lilitoka bila taabu.

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Sikiliza. Hata mimi asubuhi nilikuwa wa Palma. Wamekataa. Sema ukweli, hawakupigi. Wanatuvusha tu, kesho tunajaribu pengine."

"Mimi wa Palma kweli, kaka."

"Ndivyo hivyo. Sema kwa uchungu hivyohivyo."

Mwenzake akamwambia, "Mwache mtoto, anatetemeka." Nilikuwa nawaza upande ule wa pili wakati giza linaingia. Ndugu tulikuwa nao ng'ambo, lakini sikujua nyumba ya hata mmoja. Shangazi ndiye aliyezijua. Nikawaza lori likikwamuka na kuondoka, mwalimu akihesabu vichwa gizani na kukosea. Nikawaza mama akiwa amesimama barazani. Halafu nikawaza jambo la kijinga lililonitisha kuliko yote: kwamba pengine askari alikuwa sahihi. Yeye ni serikali. Kama serikali imesema mimi ni wa kule, nani atasema si wa kule? Nilijaribu kukumbuka Kireno chochote, sentensi yoyote ya kitabuni, nikakuta weupe mtupu.

Mwenye boti akapiga kelele kutoka majini: "Wakubwa, maji yanaondoka! Kama kuna watu, waleteni!"

Askari akasimama, akavaa kofia. "Haya. Twendeni."

Wale wawili wakachukua mabegi yao kwa utaratibu wa watu waliozoea. Mimi sikuweza kusimama. Si kwamba nilikataa. Miguu haikuwepo. Askari akanishika mkono juu ya kiwiko, hakunivuta kwa nguvu, akaniinua tu kama unavyoinua mzigo, na nikawa naburuzwa kuelekea mlangoni.

Hapo kiongozi wa darasa akatokea, anahema, mchanga mpaka magotini. Yuko peke yake.

"Mwalimu anakuja! Yuko chini ya gari, anachimba!"

"Boti haimngoji," askari akasema.

Msichana akatutazama: askari, mimi, boti. Mimi nilimtazama tu kama ng'ombe. Nadhani alikuwa hajui la kufanya. Lakini alikuwa na kazi moja aliyoifanya kila asubuhi mwaka mzima, mwalimu akichelewa: kutuita kwa nambari zetu, kila mmoja ajibu kama yupo. Akasimama wima mlangoni, mikono nyuma, akaifanya sauti yake kuwa ya mwalimu, akapiga kelele kwa Kireno:

"Número dezanove!"

Kumi na tisa nilikuwa mimi. Sikufikiri. Mwili wangu ulifikiri. Nilijinyoosha, mkono ukaruka juu na kumponyoka askari, visigino vikagongana, na sauti ikanitoka ambayo sikuwahi kuisikia hata shuleni:

"Presente, senhor professor!"

Kisha huko nje, mmoja wa wale wavulana wawili, ambao kumbe hawakuondoka, akajibu wa kwake bila kuitwa, "Presente!" Mwingine naye, "Presente!"

Na nyuma yangu, yule mwenye kofia ya soka akaweka begi chini, akainua mkono, akasema kwa lafudhi ya Newala, "Presenti!"

Askari aligeuka akamwangalia. Mdomo wake ulijaribu kubaki wa kiserikali, ukashindwa. Alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe shuka mtoni," akamwambia yule mwanamume, akifuta macho. Kisha akanitazama. Akaniuliza kwa Kireno, lakini sasa kama mtu anayemuuliza mtoto, mwalimu wetu anawaadhibuje wanaosahau kujibu.

"Tunafagia uwanja," nikasema. Kwa Kireno. Sikujua kimetoka wapi.

"Hata mimi nilifagia," akasema. "Nenda."

Sikwenda. Nilisubiri aseme mara ya pili, kwa sababu sikuamini. Kiongozi wa darasa akanivuta shati. Tulipita karibu na wale wawili wakishuka kuelekea majini, suruali zimekunjwa. Mwenye kofia akaniambia, "Kumbe kweli! Basi nisalimie Palma." Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Niliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa mtu mwema, na alirudishwa, na mimi nilipita, na tofauti yetu kwa macho ya mtu aliyesimama pale ilikuwa neno moja la darasani ambalo yeye hakufundishwa.

Mwalimu tulimkuta njiani anakuja mbio, mchanga mpaka kifuani, karatasi yenye muhuri ameibana kwa meno. Alipotuona aliitoa mdomoni, akatuuliza kuna nini. Kiongozi wa darasa akaanza kumweleza yote. Mimi niliitazama ile karatasi, ukingo wake umelowa mate.

"Ungejifanya bubu ingekuwa afadhali," kiongozi wa darasa aliniambia lori lilipokwamuka tukapanda. "Kalamu! Kati ya maneno yote!"

Wavulana wakacheka, nami nikajaribu kucheka. Lori lilipoondoka sikukaa juu ya ubao na wenzangu. Nilishuka chini, katikati ya sufuria na magunia, mahali ambapo mtu aliyesimama kwenye kituo asingeweza kuona kichwa changu. Waliniita nije nione helikopta iliyokuwa inapita chinichini kuelekea baharini. Nilisikia mlio wake ukipita juu yetu. Nilibaki palepale, nimekumbatia magoti, mpaka mtu mmoja aliposema mikorosho ya kwetu inaonekana, na hata hapo nilimwomba kwanza aangalie nyuma kama kuna gari lolote linatufuata.